Tone la Mchana

4 Machi
Daktari ameniamuru niinamishe uso. Nikila niiname, nikilala nilale kifudifudi, nikizungumza na watu nizungumze na viatu vyao. Ndani ya jicho la kulia ameniachia kiputo cha gesi, nacho kiputo kazi yake ni kupanda juu, kwa hiyo nikiinama kinaikandamiza retina mahali pake mpaka ishike. Nilimwambia kwamba mimi ni fundi saa, nimeinama tangu ujana, na yeye ndiye wa kwanza kukisifu kibyongo changu. Yeye hakucheka. Wauguzi walicheka.

Mtu aliyeinama hana la kufanya ila kuandika. Jicho la kushoto bado linanifaa kwa herufi kubwa. Mke wa mwanangu ndiye aliyeniletea daftari hili. "Andika, Baba," alisema, "maana ukikosa kazi utaanza kuzifungua redio zetu."

Niseme mapema kinachonikosesha usingizi. Jicho la kulia ndilo la kazi, ndilo linalobana kioo cha kukuzia. La kushoto ni la kutazamia njia tu. La kulia likipona nitarudi kibandani kwangu. Lisipopona, nitakuwa mzee wa kuwekewa kiti mlangoni na kuulizwa kama nimeshakula.

5 Machi
Mvua ya kwanza. Nimeisikia tu.

6 Machi
Huyu mke wa mwanangu nimempa jina la Haraka, ila sijamwambia. Anapanga vyombo kwa haraka, anasalimia kwa haraka, salamu yake inakufikia akiwa keshapita. Anauza katika duka la mikate mtaa wa pili. Mwanangu ni fundi umeme na hushinda juu ya dari za watu, kwa hiyo matone ya jicho yameangukia kwa Haraka: mara nne kwa siku, kutoka kichupa cheupe cha kutikiswa. Asubuhi kabla hajaenda kazini, mchana anakuja mbio kutoka dukani, alasiri akirudi, na usiku kabla sijalala.

"Tazama juu, Baba." Tone linadondoka, na papo hapo mdomo wake unafunguka. Leo nimepewa habari za bwana mmoja aliyerudisha mkate nusu akidai ulikuwa na tundu. "Nikamwambia tundu hatulipishi, mzee wangu, hilo ni zawadi." Anacheka peke yake, mikono inanuka unga. Mimi nimezoea kimya cha saa. Huyu binti ni redio isiyo na pa kuzimia.

9 Machi
Kliniki. Daktari wangu ni mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, lakini leo nilimbana anieleze.

"Mzee, jicho lenye kisukari lina njaa," akasema. "Mishipa yake midogo imeziba, damu haifiki. Likiona njaa linatoa vichocheo vya ukuaji, yaani linaita mishipa mipya iote. Inaota kweli, lakini ni mibovu. Inavuja, inapasuka, inaacha makovu yanayovuta retina. Hayo ndiyo niliyoyasafisha."

"Kwa hiyo umemaliza."

"Nimeanza. Kuchokonolewa kwenyewe kunaamsha uvimbe. Jicho halijui kama nimekuja kwa wema, linamwaga vichocheo vya uvimbe kama vile limevamiwa. Hivyo vya uvimbe na vile vya ukuaji vinasaidiana. Vikiachiwa vitalifumba tena jicho kwa utando. Matone yanavituliza mpaka vichoke."

Anafanya utafiti pia. Siku ya upasuaji alichukua tone la maji ya mbele ya jicho langu ili apime vichocheo hivyo, na akinichoma sindano siku nyingine atachukua tena alinganishe. Nilitia sahihi bila ubishi. Maji hayo mimi nilikuwa nayafanyia nini?

12 Machi
Mvua. Shingo imekuwa ubao.

15 Machi
Nimeruhusiwa kuinua uso. Nimemwona mwanangu, kumbe amenyoa ndevu.

Mchana Haraka aliingia amelowa chapachapa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye daftari hili. Aliniambia, bila kulalamika, kwamba mwenye duka ameanza kununa kila akiomba ruhusa. Wanatafuta msimamizi wa kaunta na jina lake limetajwa. Nikamwambia aache kuja mchana. Uso nimeinua, mkono ninao, nitatia mwenyewe, na la alasiri pia, apumzike akirudi.

"Utaweza, Baba?"

"Mikono hii inashika skrubu ambayo wewe ungedhani ni vumbi."

Alifurahi mpaka akanishika bega. Sitajisifu kwa huruma tu. Nilikuwa nataka mchana wangu uwe kimya.

19 Machi
Leo nimegusa saa. Ni ya Haraka, saa ndogo ya mkononi aliyoachiwa na marehemu mama yake. Aliniletea muda mrefu uliopita nami nikawa nampiga kalenda. Nilifungua mfuniko, nikabana kioo kwenye jicho la kushoto, lisilozoea. Nikaona weusi umezunguka vito, vile vijiwe vidogo vinavyoshika magurudumu. Nikasema moyoni, ala, fundi mmwaga mafuta. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanafunzi wote: anadhani saa ni mlango unaolia, anaimiminia. Mafuta yakizidi yanakamata vumbi, yanakuwa gundi, saa inasimama. Mwanafunzi wangu yeyote aliyeongeza mafuta kwenye saa inayotembea nilimfukuza mezani.

Nikaweka saa chini. Kichupa cheupe kilikuwa karibu na kibano. Nikajitazama kwenye kioo cha ukutani kwa hili jicho zima: jicho la kulia jeupe, haliumi, halitoi machozi. Linatembea vizuri. Sasa hiki kinachomiminwa mara nne kwa siku, kizito kama maziwa, kinakwenda wapi?

Tone la mchana sikutia.

20 Machi
Hakuna kilichotokea. La alasiri nalo sikutia.

24 Machi
Fundi viatu, jirani yangu wa kibandani, alikuja kunitazama. Nilimweleza habari ya mafuta na saa, kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikagua soli za kandambili zangu.

"Na daktari anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba na wewe umekuwa daktari."

Tulicheka sana. Nilicheka kuliko yeye.

27 Machi
La asubuhi na la usiku bado anatia Haraka, lakini tone likishadondoka yeye keshageuka kufunga kichupa. Ninalifuta kwa leso. Jicho ni safi. Kiputo kinazidi kupungua, nimeanza kuona upenyo wa dirisha juu yake, na kwenye upenyo huo niliona nondo za dirisha moja moja. Nilikaa kitandani nikazihesabu kwa furaha ya mtoto.

30 Machi
Mvua tangu alfajiri. Haraka anasema atajua kuhusu usimamizi wiki ijayo. Anajikaza asionyeshe kwamba anautaka.

2 Aprili
Nondo zimefifia kidogo. Nadhani ni unyevu wa hewa.

3 Aprili
Si hewa.

5 Aprili
Niliamka na jicho jekundu, linapwita, mwanga wa dirisha ukinichoma. Mbele yake kulikuwa na ukungu, kama mtu amehemea kioo. Mwanangu aliomba ruhusa kazini anipeleke. Kabla hatujatoka aliniambia nichukue dawa zangu zote daktari azione.

Nilikishika kichupa na nikasikia uzito wake. Kilikuwa na dawa nyingi kuliko inavyostahili. Nilikwenda sinki, nikafungua maji, nikakikamua chote. Kwa maisha yangu yote nimewarudishia watu hata skrubu mbovu nilizozitoa kwenye saa zao ili waone sikuwadanganya. Leo nimesimama sinki nikikamua dawa.

Daktari aliniweka kwenye darubini yake akalichungulia jicho muda mrefu. "Kuna nyuzi za utando mbele," akasema. "Na katikati ya retina kumevimba. Matone mnatia?"

"Mke wangu anatia, daktari," mwanangu akasema.

"Mara nne?"

"Mara nne."

Daktari akanigeukia. "Mzee?"

Nikasema, "Anatia." Na kweli alikuwa anatia. Neno lile peke yake halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Alinichoma sindano ndani ya jicho, dawa ya kuzima vichocheo vya ukuaji. Kabla ya sindano alivuta tone la maji kwa ajili ya vipimo vyake. Matone sasa ni kila saa kwa siku tatu, kisha kila baada ya saa tatu.

Nyumbani mwanangu hakungoja mkewe avue viatu. "Nilikuomba kitu kimoja tu," alimwambia. "Kimoja. Mdomo unao muda wa kuchekesha mtaa mzima, tone la dawa huna muda nalo."

Mimi nilikuwa pale pale, kwenye kiti.

"Mchana niliacha kuja," Haraka akasema taratibu. "Baba alisema atajitilia. Nami nikafurahi, ndilo kosa langu. Mtu jicho bado halioni, namwachia kichupa ajitilie mwenyewe?"

Mwanangu akanigeukia. "Baba, ulikuwa unatia?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitakiwa.

"Nilikuwa natia," nikasema. "Labda nilikuwa nakosa shabaha." Na nikacheka kidogo.

Hakuna aliyecheka. Nikatazama sakafu, na safari hii hakuna daktari aliyeniamuru niiname.

6 Aprili
Haraka hakwenda kazini. Kila saa: "Tazama juu, Baba." Hakuna habari za mkate.

9 Aprili
Ameomba zamu za vipande vipande ili awe nyumbani kila saa ya dawa. Mwenye duka amekubali, lakini msimamizi hawezi kuwa mtu wa kuingia na kutoka. Usimamizi amepewa msichana mwingine. Hakuniambia yeye. Nilimsikia akimwambia mwanangu jikoni, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Mwanangu alisema, "Basi, si ungekuwa makini tangu mwanzo."

Nilinyanyuka nifike jikoni niseme. Nikafika mlangoni. Wote wawili wakaniuliza kama nataka maji.

Nikasema ndiyo, nataka maji.

11 Aprili
Mvua.

12 Aprili
Mvua. Haraka sasa anatia tone, anasubiri, anauliza, "Limeingia, Baba? Una hakika?" Kisha analitafuta kwenye shavu kwa kidole. Jina la Haraka halimfai tena, na mimi ndiye niliyemwibia.

14 Aprili
Majibu ya vipimo. Haraka ndiye aliyenisindikiza.

"Vichocheo vya uvimbe vimepanda," daktari alisema, "kuliko wagonjwa wote niliowapima msimu huu. Vile vya ukuaji nilitegemea vishuke baada ya upasuaji. Kwako havijashuka. Ndiyo maana utando umerudi kwa kasi."

"Kwa nini, daktari?" Haraka aliuliza.

"Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa mwili wenyewe. Inaweza kuwa dawa haikufika. Kipimo hakimtaji mtu."

Haraka aliinama akajitazama mikono. Nilijua kabisa nilichotakiwa kusema. Nikamuuliza daktari kama anadhani mvua zitaisha lini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya viazi.

20 Aprili
Sindano ya pili. Wekundu umeisha. Ukungu haujaisha.

26 Aprili
Fundi viatu alipita. Haraka alikuwa chumbani akinitilia dawa, naye alisubiri mlangoni. Alipotoka binti, akaniambia, "Hujawaambia."

"Bado."

"Mimi ni fundi viatu tu, lakini naona nani anatembea na msumari."

Hakukaa. Alisema ana kazi, na siku za mvua huwa hana kazi.

3 Mei
Leo nimesema.

Haikuwa ushujaa. Alikuja mchana amelowa kama ile siku ya kwanza. Akiwa anatikisa kichupa akaniambia, kwa sababu nilimwuliza mimi, kwamba yule msimamizi mpya hajui kupanga zamu, kwa hiyo anamfundisha. "Si vibaya," akasema. "Ni mtoto mzuri." Kisha akasema, "Tazama juu, Baba," na mimi sikutazama juu.

Nikamwambia, "Usijilaumu kwa jicho hili. Mimi ndiye niliyeacha dawa."

"La mchana?"

"La mchana. Na la alasiri."

Alisubiri. Nadhani alitumaini nimemaliza.

"Na la asubuhi na la usiku, uliyotia wewe, nilikuwa nafuta ukigeuka."

"Unafuta kwa nini?"

Nilianza kumweleza habari ya saa na mafuta, nikasikia mwenyewe inavyosikika, nikaacha. Lakini yeye hakuwa ameuliza sababu.

"Nauliza kwa kitu gani."

"Kwa leso."

"Zile leso nyeupe," akasema. "Zile nilizokuwa nakufulia."

Alifunga kichupa. Akafika mlangoni. Kisha akarudi, akakifungua, akasema, "Tazama juu," bila Baba, akatia tone, akahakikisha limeingia, na ndipo akaondoka. Nilibaki nimelala chali, dawa inanichuruzikia sikioni pamoja na machozi, na sikuthubutu kufuta chochote.

4 Mei
Mwanangu ameambiwa na mkewe, lakini hakunigombeza. Ningemshukuru angenigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akasema, "Nilimwambia maneno mabaya, Baba. Mbele yako." Alikaa kidogo, akaenda kazini.

Mchana alirudi akatia yeye, matone yakaangukia puani.

6 Mei
Haraka ametia asubuhi. Nami nikasema asante, na neno lilikaa hewani kama mgeni asiyekaribishwa.

9 Mei
Nilikwenda duka la mikate peke yangu, nikamweleza mwenye duka kwamba kosa lilikuwa langu, si la binti. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema anasikitika, lakini msimamizi ameshapatikana na anafanya vizuri. "Anafundishwa vizuri," alisema.

17 Mei
Daktari amenifanyia vipimo vya mwisho vya msimu. Nilimweleza yote, habari ya leso na sinki pia. Hakuonyesha mshangao. Aliuliza tarehe, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, kwenye saa ukiona mafuta hayatakiwi, unaona kwa jicho. Hivi vichocheo huvioni. Hata mimi sivioni, ndiyo maana navipima."

Hakusema kwa ukali. Retina imeshika, hilo amenipongeza. Lakini katikati pamebaki kovu. Jicho la kulia linaona dirisha, linaona mtu akija, linaona mkono. Nondo halizitenganishi. Halitaona springi ya saa tena. Nilimwuliza kama matone yangezuia. Akajibu kwamba hawezi kuapa, wapo wanaotia dawa zote na bado likawapata. Alitaka kunipunguzia uchungu. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua.

Sukari yangu imeshuka. Hiyo ni kazi ya Haraka na mboga zake, si yangu.

21 Mei
Mvua inakatikakatika. Nimefunga kibanda. Fundi viatu alinisaidia kubeba meza, akachukua na taa, nikamwambia ni yake.

Kwenye droo ya chumbani ilibaki saa ya mama yake Haraka. Nilijaribu kwa jicho la kushoto. Kibano kilikosa skrubu mara tatu, ya nne ikaruka, na nilitambaa sakafuni nikaipapasa mpaka nikaipata. Hapo nikakubali. Upande wa pili wa soko yuko fundi ambaye maisha yangu yote nimemwita mbadilisha betri. Nilimpa Haraka saa, nikamwambia ampelekee.

"Yule unayemcheka?" akauliza. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu ile siku.

"Yule yule."

28 Mei
Jua tangu asubuhi. Watu wameanika nguo mpaka kwenye nyua za majirani.

Haraka alirudi mchana. Alinawa mikono, akatikisa kichupa. Karibu na sikio langu nikasikia mdundo mdogo, mwembamba, ulionyooka. Saa ilikuwa mkononi mwake, inatembea. Nilisikiliza ikinipita usoni huku akinifungua kope. Jicho la kulia liliuona mkono ukija, halikuona saa.

"Alikuwa na kazi kubwa?" nikamwuliza. "Kusafisha yale mafuta yaliyozidi?"

Alisita. Nadhani alikuwa anachagua kati ya kuniambia na kuniachia.

"Hakuna mafuta yaliyozidi, Baba. Amesema ule weusi ni ya zamani yaliyokauka. Ilikuwa kavu. Ilikuwa inasagika yenyewe kwa yenyewe. Ametia mafuta tu."

Nilimwuliza dukani leo kulikuwaje, nikatega sikio. Ningetoa jicho la kushoto kwa habari ya mkate wenye tundu.

"Kawaida," akasema. "Tazama juu."